Glasi Iliyopashwa Moto

"Unachukua nguo zako, unachukua vyeti vyako, tunaondoka," Shangazi alisema huku akizima gari. "Usikae. Ukikaa utaletewa maji, ukishakunywa maji utaulizwa habari, na habari zikianza hatutoki hapa leo."

"Sawa, Shangazi."

"Na usiniitikie kwa sauti hiyo. Unanitisha."

Mpima maziwa hakuwa na sauti nyingine ya kumpa. Tangu arudi kwa mama yake alikuwa na sauti hiyo moja na uso mmoja, akaenda navyo kila mahali. Kiwandani, kila asubuhi, aliinua mifuniko ya madebe ya maziwa, akanusa, akasema "pokea" au "rudisha", na hakuna mfugaji aliyewahi kumkuta amekosea. Pua ilikuwa nzima. Kilichokufa ganzi kilikuwa kitu kingine, na hata mahali kinapokaa hakupajua, achilia mbali kupabonyeza aone kama panauma.

Wiki iliyofuata familia mbili zingekaa kuimaliza ndoa yake. Alipoulizwa kama ameridhika alisema ameridhika, na lilikuwa jibu rahisi, maana hakuna kitu ndani yake kilichokataa.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu mrefu mwenye mikono mipana, na mtaa mzima ulimwita Fundi mpaka mkewe naye akazoea. Alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia mabegani kama la kuazima. Alimtazama mkewe mara moja, macho kwa macho, kisha macho yakamshuka mpaka kwenye viatu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Tumefuata mizigo."

"Ipo tayari, nimeifunga." Akamgeukia mkewe. "Karibu, Pua."

Hilo ndilo jina alilompa siku walipokutana. Alikuwa amekuja kiwandani kutengeneza tangi la kupozea maziwa, amelala chali chini yake tangu asubuhi akitafuta panapovuja. Binti mmoja wa mapokezi akapita, akasimama, akavuta pumzi na kumwambia, "Kaka, unatafuta mbele na mafuta yananuka huku nyuma." Kweli ilikuwa nyuma. Fundi alicheka hadi akajigonga kichwa kwenye bomba. Zamani jina hilo lilikuwa likimpandisha mpima maziwa joto shingoni. Leo lilimpita tu, akaitikia.

"Nina ombi moja," Fundi alisema. "Ukikataa sitalirudia."

"Anakataa," Shangazi alidakia.

"Ni bia ya harusi ya mdogo wangu. Nimeipika mwenyewe, nilimwahidi. Nataka uninusie kabla sijaijaza kwenye mitungi. Basi."

Shangazi alikunja uso. Tangu mwanzo hakuupenda uchumba ule, alisema mtoto wao amesomeshwa amekwenda kuangukia kwa mpika pombe, na kueleweshwa kwamba mtu anapika kwa kujifurahisha siku za mapumziko hakukumsaidia. Lakini mpima maziwa alikuwa akimfikiria wifi yake, huyo bibi harusi mtarajiwa. Ndiye aliyelala naye hospitali kwenye kiti cha chuma, akimlowanisha midomo kwa pamba, bila kumwambia hata mara moja kwamba atapata mwingine.

"Nitanusa," alisema.

"Kunusa kunachukua muda gani?"

"Glasi ya kwanza ni mara moja, Shangazi," Fundi alieleza. "Ya pili lazima ipashwe moto kwanza."

"Bia ya kupasha moto. Makubwa." Shangazi alijitupa kwenye kochi na mkoba wake mapajani. "Haya, pasheni. Mimi niko hapa na masikio yangu."

"Iko wapi hiyo bia?" mpima maziwa aliuliza, ingawa alijua.

"Kule kule," Fundi alisema.

Kule kule kulikuwa chumba cha mtoto. Mimba ilikuwa imebakiza wiki chache ilipoharibika. Alipotoka hospitali alikwenda kwa mama yake kupata nguvu, na aliporudi nyumbani kwake alikwenda moja kwa moja kwenye kile chumba, kwa kuwa safari nzima alikuwa akijiandaa kukiona kitupu. Hakukikuta kitupu. Alikuta friji kubwa la dukani lililoondolewa rafu, madumu, mipira ya kupitishia bia, gunia la kimea mahali pa kitanda, na pazia la njano halipo. Nyuma yake mumewe akaanza kumweleza habari za joto la chumba hicho, jinsi lisivyopanda wala kushuka. Hakumuuliza neno. Alichukua mkoba uleule aliokuja nao, akageuza njia. Mpaka leo hakuwa amelia hata mara moja, na watu walimsifu kwa kujikaza. Hakuwa amejikaza, hakukuwa na kitu cha kuzuia.

Sasa aliingia. Harufu ilimpokea naye akaichambua kwa mazoea, kimea, uchungu wa maua ya hopsi, na ndizi mbivu kwa mbali ambayo ni ya hamira. Hakuna kilichooza. Madumu makubwa mawili yalikuwa ndani ya friji, na la tatu, dogo, pembeni sakafuni, povu limejaa shingoni.

Fundi alijaza glasi mbili na kuzifunika kwa visosi. Moja aliiweka mezani. Ya pili aliisimamisha ndani ya sufuria ya maji kwenye jiko dogo la umeme, maji ya moto wa kukufanya utoe kidole haraka ila hayachemki. Kisha akavuta kigoda kwa ajili ya mkewe, naye akaketi juu ya gunia.

Kilichobaki ni kusubiri. Zamani nusu saa hiyo ilikuwa yao. Walikuwa wakicheza karata au kugombana kwa mzaha, na mara nyingine glasi ilisahaulika kwenye sufuria kwa sababu ambazo Shangazi hakupaswa kuzijua.

"Safari hii nimechemsha bila mfuniko," Fundi alisema.

"Vizuri."

"Unakumbuka ile ya kwanza?"

"Ya kabichi."

"Kabichi la kuchemsha. Nilifunika sufuria nibane gesi, ile harufu ikakosa pa kutokea. Ukaninusia, ukasema, hii tuweke chumvi tule na ugali."

"Na ile ya plasta."

"Ile ilikuwa dawa ya maji ya bomba. Siku hizi nayateka mapema, nayachemsha, nayaacha wazi yalale." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mjomba wangu aliinywa ile akasema kidonda chake kimepona."

Zamani mpima maziwa angecheka hapo. Alijua kabisa mahali pa kuchekea palipo, kama mtu anavyojua swichi ya taa ilipo, na alipoibonyeza hakikuwaka kitu.

"Hujaonja mwenyewe?" aliuliza.

"Naonja kila siku. Lakini si unanijua, siagi siisikii."

Alimjua. Ndivyo alivyozaliwa. Moshi wa friji lililoungua aliunusa akiwa barabarani, ila mpe mkate uliopakwa siagi, atakuambia una chumvi na mafuta tu. Na katika bia ya nyumbani hiyo ndiyo harufu inayosumbua kuliko zote, kwa sababu hujificha. Bia baridi inaweza kunuka safi leo, na siagi ikajitokeza ikishafika mezani kwa watu. Ndiyo maana ya kuipasha glasi moja. Kilichojificha, moto hukitoa.

"Kwani jirani hawezi kukunusia?"

"Jirani akipewa cha bure husema ni kitamu. Nilimpa maji ya kuoshea dumu akayasifu."

Sufuria ilikuwa ikitoa mvuke kidogo. Ukutani, juu ya friji, alama nne za misumari zilikuwa bado zinaonekana pale kilipokuwa kijirafu, na mpima maziwa alizitazama muda mrefu. Halafu swali likamtoka, kwa sauti ileile anayomwambia nayo mfugaji arudishe maziwa.

"Kwa nini chumba hiki?"

"Joto lake haliba..."

"Usinijibu joto, Fundi."

Fundi aliinama. Mikono yake, ile inayofungua mashine ya friji gizani bila kuangusha hata nati moja, ilikuwa haijui pa kukaa.

"Ni poda," alisema hatimaye.

"Poda gani?"

"Nguo zake. Ulizifua zote ukazipanga kwenye droo, ukanyunyizia poda ile ya kopo la bluu. Ulipokuwa kwa mama, mimi nilikuwa nikirudi kazini naisikia tangu naweka ufunguo mlangoni. Nilifungua madirisha. Nilipiga deki kwa dawa, nikapiga tena. Nikinywa chai, imo kwenye chai. Siagi siisikii, lakini ile, Pua, ile niliisikia mpaka usingizini. Nikaona nitaleta kitu chenye harufu kubwa kuliko ile. Mimi najua kupika bia tu."

"Ukaleta bia."

"Nikaleta bia."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa hutaki kuongea. Na mimi nilikuwa sina maneno. Ulivyosimama pale mlangoni, nikaanza kuropoka habari za joto la chumba, huku najisikia kabisa kwamba naropoka."

"Ilisaidia?"

"Ilisaidia." Aliyaweka maneno polepole sasa. "Baada ya wiki chache poda niliacha kuisikia. Siku moja nikaenda kabatini kwetu, nimezihifadhi mle zile nguo, nikaitoa fulana moja nikaiweka puani. Hakuna. Nikavuta tena. Ni kimea na hopsi tu. Kumbe mtoto nimemfukuza mwenyewe, na harufu ile ndiyo tu niliyokuwa nimebakiwa nayo."

Mpima maziwa alijua kwamba hapa ndipo mwanamke analia. Alisubiri. Aliyasikia maneno yote, akayaelewa yote, akamwonea mumewe huruma kwa akili, jinsi unavyomwonea huruma mtu wa kwenye taarifa ya habari. Alimpenda mtu huyu, alilikumbuka hilo vizuri, na kulikumbuka tu bila kulisikia kulimtia hofu. Hofu yenyewe ilikuwa ndogo na ya mbali.

"Haijaiva hiyo?" Shangazi aliita kutoka sebuleni.

"Bado kidogo, Shangazi," walijibu kwa pamoja, halafu kila mmoja akatazama kwake.

Fundi aliitoa glasi kwenye sufuria, akaipoza kwenye bakuli la maji baridi mpaka glasi mbili zikalingana joto. Akamsogezea zote mbili mezani, akarudi nyuma hatua moja kama alivyokuwa akifanya siku zote, ili jasho lake lisiingilie.

Alianza na ile isiyopashwa. Akaitingisha kidogo, akainua kisosi, akavuta. Safi. Kimea, hopsi, ndizi kidogo. Bia nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kupika.

Akainua kisosi cha pili.

Siagi. Haikuhitaji kutafutwa. Ilipanda yenyewe, nzito, ya mkate uliotoka kwenye kikaango, ya bisi za sinema, na nyuma yake hopsi haikuonekana tena. Alikaa ameinama na kisosi mkononi, na hapo ndipo alipoona kwamba ana majibu mawili.

Akisema safi, Fundi ataamini. Pua hii hajawahi kuitilia shaka hata siku moja. Atajaza mitungi, Shangazi atawasha gari, wiki ijayo wazee watakaa, na yote yatakwisha bila mtu kupaza sauti. Siku ya harusi ukumbi utanuka siagi, wifi ataona aibu, lakini yeye hatakuwepo. Akisema siagi, kazi ya siku kadhaa itaanza, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyeisikia. Jibu la kwanza lilikuwa rahisi kama yale mengine yote aliyotoa miezi hii. Alifungua mdomo alitoe.

Halikutoka. Hakujua limezuiwa na nini. Labda ni kile kiti cha chuma cha wifi. Labda ni kazi tu, maana katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu pokea kwenye debe la kurudishwa.

"Siagi," alisema.

Fundi alifumba macho. "Nyingi?"

"Nyingi. Sasa imejificha tu. Uliipoza mapema."

"Niliogopa siku zitaniishia." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Hamira haikumaliza kazi yake. Ni kuizimia baridi, niimwagie lile povu la dumu dogo, hamira yake iko hai, halafu niiache kwenye uvuguvugu mpaka iile siagi yote. Kila siku mtu apashe glasi anuse, muda usizidi wala usipungue. Siku ikinuka safi zote mbili ndiyo niipoze."

"Na nani atanusa?"

Fundi aliitazama koki ya dumu. "Nilisema ombi ni moja. Sitaongeza la pili."

Alikuwa anamaanisha. Hiyo ndiyo tabia yake iliyomponza tangu mwanzo, kutoomba, kujitengenezea kila kitu mwenyewe hata kile kisichotengenezeka. Mpima maziwa alifunika glasi zote mbili, akanyanyuka.

"Nitakuja kila siku nikitoka kazini," alisema. "Lakini chumba hiki sitakiingia tena kikiwa hivi. Vitu vyote vitoke. Leo, sasa hivi."

"Pua, ikitikisika itaingia hewa." Fundi aliongea kwa upole, kama anayemkumbusha. "Ikiingia hewa itanuka boksi lililolowana. Siagi ina dawa. Hiyo haina, hata uilaze na hamira mwaka mzima."

"Najua."

"Ni bia ya harusi ya mdogo wangu."

"Najua, Fundi."

Fundi alimtazama. Safari hii macho hayakushuka kwenye viatu. Alimtazama kama siku ile alipotoka chini ya tangi na uvimbe kichwani, na mkewe naye akayaacha macho yake pale, wala hakuyakwepesha. Kisha Fundi alikwenda ukutani, akachomoa waya wa friji.

Mngurumo wake ukakata. Walilitoa dumu la kwanza, yeye akishika kishikio cha kushoto na Fundi cha kulia, wakavuta hatua fupifupi, wakishikilia pumzi, bila kulipigisha mlangoni. Shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye simu.

"Mbona mmelibeba kama mtoto amelala?"

Neno likishatoka halirudishiki. Shangazi aliweka kiganja mdomoni. Dumu lilikuwa zito. Halafu yule mama, ambaye kwa maneno yake mwenyewe asingeinua hata kijiko katika nyumba hii, alinyanyuka, akaweka mkoba chini, akalisukuma kochi mpaka ukutani kuwapisha.

"Wekeni hapa," alisema. "Hapa jua halifiki. Si nasikia jua nalo huiharibu?"

"Huiharibu, Shangazi," Fundi alisema.

Wakalitoa dumu la pili, kisha lile dogo, gunia, mipira, jiko, meza. Friji lilikuwa na magurudumu. Shangazi alilipokea sebuleni kwa kulishika upande kama anayemwongoza mgonjwa. Mpima maziwa alifungua dirisha la chumba, upepo wa mchana ukaingia, na kila ulipopita ulibeba kimea kidogo.

Mwisho kilibaki chumba. Kitupu kabisa, kuta nne na alama za misumari, na sakafu yenye mraba msafi pale friji liliposimama. Hivi ndivyo alivyokuwa amejiandaa kukiona siku ile. Aliketi chini na kuegemea ukuta. Fundi alisimama mlangoni hajui kama ameruhusiwa, mkewe akasogea kidogo kumpa nafasi.

Aliketi. Muda haukupita, Fundi akaanza kulia. Alilia kimyakimya, mdomo wazi, mabega yakimpanda na kushuka, machozi ya mtu mzima ambaye hakuwahi kufundishwa. Mpima maziwa alimshika mkono. Mkono ulikuwa na joto, aliona kwamba una joto. Yeye hakulia.

Shangazi alikuja mpaka kizingitini akawatazama wote wawili pale sakafuni. Alipoongea, sauti yake ilikuwa chini.

"Tunaondoka, mwanangu?"

"Tangulia, Shangazi. Nitakuja na basi."

"Na wazee niwaambie nini kuhusu wiki ijayo?"

Alifikiri. Hakutaka kuahidi asichokuwa nacho.

"Waambie wasubiri kwanza. Nanusa bia."

Shangazi aliurudisha mlango taratibu. Gari liliwaka nje, likaondoka. Mpima maziwa alibaki na kichwa ukutani, na baada ya muda akagundua kitu begani, upande wa kushoto, ule aliobebea. Msuli ulikuwa umevutika. Ulianza kwa kuchoma kidogo, kisha ukashika hadi shingoni. Fundi alimwona akikunja uso, akainua mkono wake mpana ili amkande.

"Inauma?"

"Inauma," alisema, na sauti iliyomtoka haikuwa ile moja. "Usiiguse. Iache iume."